Babu alikuwa namba

Wadau, Januari 2020 nilikwenda Muheza kumsaidia babu kusajili laini yake ya simu. Mnazikumbuka siku zile. Usajili kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, mwisho ukawa Desemba 31, kisha ukasogezwa hadi Januari 20. Namba ya NIDA tulikuwa nayo, tarakimu zote 20.

Wakala akamfuta babu kidole gumba, akajaribu. Akajaribu cha pili, cha tatu. Mashine ikagoma.

"Mzee, vidole vyako havina alama."

Babu akacheka. "Zilibaki kwenye mkonge."

Babu yangu ni Muha wa Kasulu. Aliletwa Tanga miaka ya 1950 akiwa manamba.

Mkonge uliingizwa nchini na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Mashamba yakatanuka, watu wa kukata wakakosekana, kwa kuwa Wabondei na Wasambaa walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kwenda kuwa vibarua. Mwaka 1907, huko Wilhelmstal (Lushoto ya leo), Wajerumani wakaanza kugawa kadi: kila mwanamume amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza nao wakaendelea na kipande, na watu wakawa wanafuatwa mbali: Kigoma, Songea, hata Ruanda-Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya vibarua, Silabu.

Kila aliyeandikwa alipewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Babu anasema shambani hakuna aliyemuuliza ukoo wake. Karani aliita namba. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, kipande kinatiwa alama. Usipomaliza, siku hiyo hukufanya kazi, hata kama mgongo unasema vingine. Kipande kilimtambulisha babu kweli, lakini kwa jambo moja tu alilolitaka mwajiri.

Kenya walikwenda mbali zaidi. Kuanzia 1919-20 mwanamume Mwafrika alibeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kibati alichokivaa shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga hadharani.

Sisemi NIDA ni kipande. Kitambulisho cha taifa ni haki ya raia, mwanamke kwa mwanamume, na sote tumeshapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Matapeli lazima wabanwe. Ninachouliza ni hiki: mtu asiposomeka na mashine, nani ana wajibu wa kumtambua? Pale mtaani kila mtu anamjua babu, hadi watoto. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Mwishowe laini ilisajiliwa kwa kidole changu. Najua sheria inasemaje, lakini pesa za dawa zake hupitia humo. Leo kwenye kumbukumbu za kampuni, anayepokea simu pale Muheza ni mimi. Babu hayumo hata kwa namba.

Nyie wenye wazee waliokata mkonge, vidole vyao vilisomeka?