Klarineti moja, wapigaji wanne: kikundi kidogo cha Benny Goodman

Katika miaka ya 1930, Wamarekani walicheza dansi kwa jazi iliyoitwa swing. Ilipigwa na orkestra kubwa, za watu kumi na zaidi. Hata hivyo, kiongozi mmoja wa orkestra hizo, mpiga klarineti Benny Goodman, aliwavuta wasikilizaji pia kwa kikundi cha watu watatu, kisha wanne.

Goodman alizaliwa Chicago mwaka 1909, katika familia maskini ya Wayahudi waliohama kutoka Urusi. Watoto walikuwa kumi na wawili. Baba alipeleka wavulana watatu kwenye sinagogi iliyofundisha muziki na kuazima vyombo. Benny alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wawili, basi akapewa chombo chepesi: klarineti.

Mwezi wa Julai 1935, mjini New York, alirekodi pamoja na Teddy Wilson kwenye piano na Gene Krupa kwenye ngoma. Mwaka 1936 akaongezeka Lionel Hampton, mpiga vibrafoni, chombo cha vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti.

Utamu ulikuwa wapi? Hakukuwa na besi; mkono wa kushoto wa Wilson ndio ulioshika sauti za chini. Krupa mara nyingi alipiga kwa brashi ili asiwafunike wenzake. Klarineti ilianza neno, piano ikajibu, vibrafoni ikaongeza lake. Kila mtu alikuwa na zamu yake, na wengine walimpisha. Katika kundi kubwa mtu anaweza kujificha. Penye wanne, asiyesikiliza mwenzake anajulikana mara moja.

Kulikuwa na jambo zito zaidi. Wilson na Hampton walikuwa Weusi, Goodman na Krupa Weupe. Kusini mwa Marekani sheria ziliwatenga watu kwa rangi, na hata kaskazini orkestra za Weusi na za Weupe zilikuwa mbalimbali. Mwaka 1936 Wilson alipanda jukwaani na Goodman na Krupa katika Hoteli Congress, Chicago. Tarehe 16 Januari 1938, wote wanne walipiga katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Ubaguzi haukuisha siku ile. Lakini watu waliokuja kusikiliza waliona kwa macho yao kile walichoambiwa hakiwezekani.

Mwaka 1939 Goodman alimchukua kijana Mweusi, Charlie Christian. Gitaa lake la umeme halikubaki nyuma kuunga mkono tu. Liliongoza wimbo kama klarineti. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1942, akiwa na miaka 25.

Klarineti ilisikika Kongo pia. OK Jazz ilipoanzishwa Léopoldville mwaka 1956, mmoja wa waanzilishi alikuwa Jean Serge Essous wa Brazzaville, mpiga klarineti na saksofoni. Rumba ya OK Jazz haikuwa swing ya Goodman. Ila hata hapo, klarineti ililia karibu na gitaa, na kila moja ilingoja zamu yake.