Nyumba za dola 50 zilizovutwa na farasi

Mwanzoni mwa mwaka 2025, familia nyingi zilizokuwa Bulengo na kambi zingine kandokando ya Goma zilifungua shitingi zao, zikazikunja, zikabeba miti kwa kichwa au kwa chukudu, zikaondoka. Kubeba nyumba kuliwezekana. Kiwanja cha kuisimamisha tena ndicho kilichokuwa kigumu. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, wakaaji wa mji wa San Francisco, huko Marekani, walikutana na shida hiyohiyo, na habari yao inastahili kusikiwa Kivu.

Tarehe 18 Aprili 1906, alfajiri saa kumi na moja na dakika 12, ardhi ilitikisika. Tetemeko lilivunja mabomba ya maji na ya gesi, kisha moto ukawaka kwa muda wa siku tatu hivi, na wazima moto hawakuwa na maji. Majengo zaidi ya 28,000 yaliteketea. Mji ulikuwa na watu karibu 400,000. Zaidi ya nusu yao walibaki bila nyumba. Viongozi wa wakati ule walitangaza wafu mia chache tu, lakini wanahistoria wa leo wanahesabu 3,000 na zaidi.

Kwanza yalikuja mahema ya jeshi, yakajaa katika bustani na viwanja vya mji. Hema linavumilika wakati wa kiangazi. Mvua za San Francisco huanza mwisho wa mwaka, na kila mtu alijua kwamba wazee na watoto hawangeweza kupita msimu ule chini ya turubai. Kwa hiyo, tangu Septemba 1906 hadi Machi 1907, mafundi seremala walijenga vibanda 5,610.

Vilikuwa vidogo kweli. Kile kidogo kabisa kilikuwa na futi 10 kwa 14, yaani karibu mita 3 kwa mita 4 na kidogo: chumba kimoja cha familia nzima. Ukuta ulikuwa wa mbao nyekundu za California, ubao mmoja tu, bila kitu kingine ndani. Sakafu ilikuwa ya mbao, na paa lilikuwa la vipande vyembamba vya mwerezi vilivyolaliana kama magamba ya samaki. Vyote vilipakwa rangi moja, kijani, ileile ya mabenchi ya bustani za mji. Maji, vyoo na mahali pa kufulia vilikuwa vya wote, nje. Fundi yeyote wa Goma anayejenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano angeielewa kazi ile kwa kuitazama mara moja.

Familia ililipa dola 2 kwa mwezi, na pesa hizo zilihesabiwa kuelekea bei ya kibanda, ambayo ilikuwa dola 50. Kisha mji ulitaka bustani zake zirudi. Aliyepata kiwanja, kwa kununua au kwa kupanga, na kuondoa kibanda chake kambini, alirudishiwa pesa alizokuwa amelipa. Hapo ndipo magari ya farasi yalipoingia kazini. Kwa kuwa vibanda havikuwa na msingi wa mawe wala saruji, viliweza kunyanyuliwa vikiwa vizima, vikapandishwa juu ya magurudumu na kuvutwa barabarani, paa, dirisha na mlango pamoja. Zaidi ya vibanda 5,000 viliondoka kambini. Vilipelekwa kwenye vilima na michanga ya pembeni ambako ardhi ilikuwa ya bei nafuu, kama Bernal Heights na upande wa Sunset. Waliopata viwili au vitatu walivigonga pamoja vikawa nyumba ya vyumba kadhaa, wakaongeza jiko, baadaye bomba. Kambi ya mwisho ilifungwa Juni 1908. Watu waliokuwa wapangaji maisha yao yote wakawa wenye nyumba, na hilo ni jambo kubwa ambalo misaada ya siku hizi hulifikia mara chache.

Lakini haikuwa haki kwa wote. Mtu aliyekuwa na ardhi yake kabla ya moto aliweza kupewa hadi dola 500 za kusaidia kujenga upya, wakati mpangaji wa zamani alikuwa akilipia chumba kimoja. Wachina, ambao mtaa wao uliungua wote, walihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine, na wakubwa wa mji walitaka kuwapeleka mbali kabisa ili kuchukua ardhi yao ya katikati ya mji. Serikali ya China na wafanyabiashara walikataa, na mtaa ukajengwa palepale. Kuna pia mama mmoja, Mary Kelly, aliyeongoza wakimbizi waliodai kwamba pesa za msaada zilitolewa na dunia kwa ajili yao, kwa hiyo kodi ni ya nini? Alikataa kulipa. Kibanda chake kilipandishwa juu ya gari yeye akiwa bado ndani, kikaondolewa kambini, na baadaye kikabomolewa. Magurudumu yaleyale yaliyowapa wengine nyumba yalitumika kumfukuza yeye.

Wamarekani hawakuacha kujenga nyumba za kuvutwa. Mwaka 1929, katika mji wa Detroit, Arthur Sherman alichoshwa na hema la kukokotwa na gari, ambalo lilimsumbua kulisimamisha huku mvua ikimnyeshea yeye na familia yake. Akatengenezesha kisanduku cha mbao cha kama futi 6 kwa 9 juu ya magurudumu, majirani wakakipenda, na kutoka hapo kikazaliwa kiwanda kikubwa cha trela. Miaka ile ya ukosefu wa kazi wengine walijijengea trela zao wenyewe, kwa mbao walizokuwa nazo, wakafanya ndiyo makao. Miji mingi ikajibu kwa sheria: trela isilale hapa, au ilale siku chache tu iende zake.

Katika San Francisco vibanda vichache vya 1906 bado vipo. Mwaka 1984 mji uliandika nyumba moja ya 24th Avenue, iliyoundwa kwa vibanda kadhaa vilivyounganishwa, katika orodha ya majengo ya kihistoria. Vingine vimefichwa ndani ya nyumba za kawaida, na mara nyingi kinachovitambulisha ni mbao nyekundu zenye mabaki ya rangi ya kijani nyuma ya ukuta mpya.