Kunakili si Kuhifadhi: Metadata za Picha Baada ya Uhariri

Faili ya picha ya JPEG hubeba pikseli pamoja na maelezo yanayofuatana nazo, yaani metadata. Maelezo hayo hukaa katika mifumo mitatu iliyozaliwa nyakati tofauti. IPTC ilitokana na mahitaji ya vyombo vya habari mwanzoni mwa miaka ya 1990, nayo hubeba jina la mpiga picha, maelezo ya tukio na haki. Exif ilitolewa Japani mwaka 1995 na huandikwa na kamera yenyewe: saa, lenzi, kasi ya shata, na siku hizi mahali. XMP ililetwa na Adobe mwaka 2001, ikawa kiwango cha ISO mwaka 2012. Kuhusu hayo hakuna ubishi. Ubishi huanza picha inapohaririwa na kutolewa upya.

Wapiga picha na watunza nyaraka wengi hushikilia kwamba programu njema ni ile inayonakili metadata zote kama zilivyo. Msimamo huo una chanzo chake. WhatsApp huondoa metadata picha inapotumwa kama picha, ndiyo maana wanaozijali huituma kama hati. Dirisha la Export As la Photoshop nalo hutoa machaguo mawili tu: kuacha zote, au kubakiza haki na mawasiliano ya mwenye picha. Aliyekwisha kupoteza tarehe za picha zake kwa njia hiyo ana haki ya kudai zote zirudishwe. Hata hivyo, dai hilo linachanganya taarifa za aina mbili: zinazoeleza tukio la kupiga picha, na zinazoeleza faili yenyewe. Za kwanza hazibadiliki kwa uhariri. Za pili hugeuka uongo mara tu pikseli zinapoguswa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni tagi ya Exif inayoonyesha mwelekeo wa picha. Kamera inaposhikwa wima, mara nyingi haizungushi pikseli. Huziacha zimelala na kuandika namba moja kati ya 1 na 8. Namba 6, kwa mfano, huiagiza programu ya kuonyesha picha izungushe nyuzi 90 kufuata mshale wa saa. Programu ya kuhariri hutii agizo hilo, ikazizungusha pikseli zenyewe ili mhariri aione picha imesimama. Ikitoa nakala yenye pikseli zilizokwisha kuzungushwa huku ikinakili ile 6 kwa uaminifu, programu itakayofuata itazungusha tena, na mtu aliyesimama atalala ubavu. Kinachokera zaidi ni kwamba kosa halionekani kila mahali. Programu isiyosoma tagi hiyo huonyesha picha sawasawa, kwa hiyo mtumiaji hulaumu simu au tovuti badala ya faili. Namba sahihi baada ya uhariri ni 1. Anayeibakiza 6 kwa jina la uhifadhi amehifadhi agizo lililokwisha kutekelezwa.

Kijipicha kilichomo ndani ya Exif kina hatari kubwa kuliko hiyo. Mhariri akikata kingo ili kuondoa uso wa mtoto, kisha kijipicha cha zamani kikanakiliwa, uso ule unaendelea kusafiri ndani ya faili bila mtu kujua.

Hata kunakili baiti kwa baiti hakutoshi. Watengenezaji wa kamera huweka taarifa zao katika sehemu iitwayo MakerNote, na mara nyingi anwani zilizomo huhesabiwa kutoka mwanzo wa data ya Exif. Sehemu hiyo ikisogezwa, anwani huelekeza pasipo na kitu. ExifTool ya Phil Harvey, iliyoanza mwaka 2003, hujaribu kuzirekebisha. Yaani husoma na kufasiri kabla ya kunakili.

Wapinzani hujibu kwamba kuruhusu programu iandike upya baadhi ya tagi ni kufungua mlango wa kughushi. Hofu hiyo haipuuzwi, ila inaelekezwa pasipo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Hilo ni swali kuhusu faili asilia zaidi kuliko nakala iliyohaririwa. Exif yenyewe hutenga tarehe ya kupigwa picha na tarehe ya kubadilishwa faili.

Uandishi unaostahili kuogopwa ni ule wa kuongeza kisichojulikana. Hadi toleo la 2.31 la mwaka 2016, Exif haikuwa na nafasi ya ukanda wa saa. Picha iliyopigwa Goma saa tisa alasiri na ya Kampala saa kumi ni za wakati mmoja. Programu iliyoko Nairobi ikiibandika ile ya Goma +03:00 kwa kuwa kompyuta iko huko, imetunga taarifa.

Mahali pa GPS panaisumbua hoja hii kidogo, kwa kuwa ni ukweli wa tukio unaoweza kudhuru. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, ambaye polisi wa Belize walitaka kumhoji, na vipimo vilivyobaki katika faili vikaonyesha kwamba yuko Guatemala. Uamuzi wa kufuta hapa ni wa mwenye picha, si wa programu.

GIMP, tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, huweka visanduku tofauti vya Exif, XMP, IPTC na kijipicha wakati wa kutoa nakala. Ni hatua, lakini mgawanyo huo unafuata mfumo badala ya aina ya taarifa. Anayetoa tiki kwenye Exif ili kuficha mahali hupoteza pia tarehe ya kupigwa picha, na mahali penyewe huenda pamebaki katika XMP. Dirisha linalofaa lingeuliza swali moja tu, la mahali. Taarifa za tukio na za haki zingehifadhiwa bila kuuliza, na zile za faili zingeandikwa upya kila mara.