Uleziwenza, Wala Si Malezi Shirikishi

Kabrasha la mafunzo lililonifikia hapa Kwamkoro, Usambara Mashariki, lililoandaliwa kwa ajili ya wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, linasema kuwa baba na mama waliotengana lakini bado wanamlea mtoto wao wamo katika "malezi shirikishi". Istilahi hiyo imerudiwa karibu kila ukurasa kana kwamba imekwisha kupita na kukubaliwa na wenye lugha. Naikataa, na sababu yangu ya kwanza ni ya kisarufi.

Shiriki tulilipokea kutoka Kiarabu, kwa maana ya kuwa na fungu katika jambo. Tukalitia kiambishi cha kusababisha, tukapata shirikisha, yaani kumfanya mwingine ashiriki. Shirikishi limezaliwa hapo, na popote linapotumika sawasawa kuna mwenye jambo na kuna anayekaribishwa. Watu wa Usambara Mashariki wanalijua neno hili vizuri kwa sababu ya usimamizi shirikishi wa misitu: msitu una mwenyewe, ambaye ni Serikali, nao wanakijiji wanashirikishwa. Sasa lipeleke kwa wazazi. Mwenye mtoto ni nani, na anayekaribishwa ni nani? Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, haina mgawanyo huo. Inampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile kile alichokizoea kabla ya wao kuachana, na haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi asiyeishi naye wakati wowote atakapo, mradi masomo yake yasiingiliwe. Mwenye haki ni mtoto. Wazazi wote wawili ni wadaiwa wake, na mdaiwa hashirikishwi katika deni lake mwenyewe.

Wako wanaoona salama zaidi kusema "malezi ya pamoja". Hawa hawajalitazama neno pamoja kwa makini. Ni pa- ya mahali na -moja ya hesabu: mahali pamoja. Limetanuka kimaana, sikatai, lakini mzizi wake bado unasikika kwa yeyote aliyezaliwa ndani ya lugha hii. Mke yuko Kwamkoro, kwenye mashamba ya chai. Mume amehamia Tanga mjini. Unawaambia walee pamoja, na jambo la kwanza mke analolisikia ni kwamba baraza linamrudisha kwa mumewe. Nimewasikia wanawake wakilijibu neno hilo kwa kusema, "Mimi sirudi." Hawakuwa wakikataa kulea. Walikuwa wakikataa mahali pamoja.

Neno baya kuliko yote, hata hivyo, ni hifadhi. Mahakimu kadhaa na wanasheria wengi hulitumia kwa haki ya kuishi na mtoto: "hifadhi ya mtoto amepewa mama." Asili yake ni Kiarabu, kulinda kitu kisipotee, na kwa asili hiyo tunasema mtu amehifadhi Kurani. Lakini neno linaishi mahali fulani, na huku kwetu linaishi msituni. Tangu mwaka 1997 tuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na msitu wa Kwamkoro umo ndani yake. Mtu wa hapa akisikia hifadhi anajua kuna mpaka, kuna kibali, na kuna faini kwa anayekata kuni. Baba akiambiwa mtoto wake yuko katika hifadhi ya mama, anaelewa kuwa amewekewa mpaka wa namna hiyo. Anashuka mlima akiamini Serikali imemnyang'anya mtoto, na matunzo hatoi tena, kwa kuwa hakuna atoaye matunzo ya kitu alichopokonywa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikusema hivyo hata kidogo. Kifungu cha 125 kinaitaka mahakama itangulize ustawi wa mtoto, iangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuyatoa, na mila za jamii yake. Kwa aliye chini ya miaka 7, dhana ya sheria ni kwamba atakuwa na heri zaidi kwa mama, na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Katika yote hayo sioni ukuta.

Waislamu wanalo hadhana, linalotokana na kumkumbatia mtoto kifuani. Ni neno zuri na linatumika kwa makadhi, lakini lina mipaka ya kifiqhi ya umri na ya mlezi, nami sitaki kuliburuta nje ya nyumba yake.

Pendekezo langu ni uleziwenza. Nimelipendekeza katika vikao, likaachwa mezani bila hoja moja iliyoandikwa. Basi nalitetea hapa.

Lea ni Kibantu kikongwe. Waganda wanasema okulera, Wanyarwanda kurera, na sisi tumeidondosha ile konsonanti ya katikati tukabaki na lea. Ndilo tendo la kumkuza mtu, mbali na zaa, ambalo ni tendo la kumleta. Kwa hiyo nawapinga pia wanaotaka "uzazi mwenza". Mtaani watu husema mzazi mwenza, na ni sahihi, maana wanamtaja mtu. Ila uzazi ulishakwisha siku mtoto alipozaliwa, na neno lenyewe limekwisha chukuliwa na uzazi wa mpango. Kilichobaki baada ya talaka ni kulea.

Upande wa pili ni wenza. Tunalo mke mwenza, na kutoka kwa wake wenza tukapata ukewenza. Angalia lugha ilivyofanya kazi yake bila kamati yoyote: imechukua wingi, wenza, ikaufunga ndani ya nomino dhahania, ili neno lisiweze kumhusu mtu mmoja peke yake. Anayeandika "ulezi mwenza" ameivunja kanuni hiyo. Mwenza ni nomino ya watu. Humfuata mtu, kama katika mgombea mwenza tunayemsikia kila uchaguzi mkuu. Ukiiweka baada ya ulezi umeufanya ulezi kuwa mtu. Mlezi mwenza, walezi wenza, uleziwenza: njia imenyooka.

Najua kinacholalamikiwa. Wanasema wenza linanuka mitala. Ndiyo sababu hasa nalitaka. Wake wenza hawakuchaguana. Hawalazimiki kupendana. Kila mmoja ana nyumba yake na jiko lake, na kinachowaunganisha ni mtu mmoja ambaye kila mmoja ana haki kwake. Waswahili wameishi na hali hiyo karne nyingi na wameitengenezea msamiati kamili, kuanzia zamu. Wazazi waliotalikiana wako katika hali hiyo hiyo, mtoto akiwa ndiye kiungo. Hakuna neno la semina linaloweza kubeba ukweli huo: kwamba ushirika unawezekana pasipo mapenzi.

Pingamizi jingine, kwamba ulezi ni nafaka, sikulitegemea kutoka kwa watu wazima. Uji wa ulezi na ulezi wa mtoto vimekaa katika lugha moja, mara nyingi katika nyumba moja, na sijamwona mama aliyevichanganya.

Pingamizi zito ni la sheria. Kifungu hicho hicho cha 125 kinaonya juu ya ubaya wa kumsumbua mtoto kwa kumhamisha-hamisha, na mtu anaweza kusema zamu ni kuhamisha. Zamu si lazima iwe ya kitanda. Mtoto anaweza kulala nyumba moja muhula mzima, na wazazi wakapeana zamu za kliniki, za ada, za kikao cha shule na za likizo. Hata pale wanapopanga kumtembelea, ningefuta maneno "haki ya kumtembelea mtoto", kwa kuwa anayetembelea ni mgeni, na ningeandika zamu ya baba au zamu ya mama. Mwenye zamu asipokuja anaulizwa. Mgeni asipokuja haulizwi.

Kwa upande wa matumizi nasema kwa ufupi. Uleziwenza unahitaji ratiba iliyoandikwa na kusainiwa mbele ya afisa ustawi wa jamii, matunzo yanayotumwa kwa simu ili muamala ubaki kama ushahidi, mtu mmoja wa makabidhiano, bibi au shangazi, anayeheshimiwa pande zote, na daftari la mtoto linalosafiri naye, lenye mistari ya aina hii: "Dawa ya kikohozi, kijiko kimoja asubuhi na jioni, imebaki nusu chupa. Mwalimu anataka sare kabla ya Jumatatu." Hakuna salamu wala lawama katika daftari hilo. Shauri likifika mahakamani, ratiba, miamala na daftari vitasema mengi kuliko mashahidi kumi wa ukoo.

Nalisisitiza jambo hili sasa kwa sababu muda umebana. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, na istilahi itakayozoeleka katika hukumu za miaka hii ndiyo watakayoirithi mahakimu wanaosoma leo. Kenya walikwisha andika katika Ibara ya 53 ya Katiba yao ya 2010 kwamba mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Sisi tunao wajibu huo katika sheria na hatujaupa jina linalomfikia mchuma chai.

Nawaomba makatibu wa mabaraza ya kata, kuanzia huku milimani hadi Muheza na Lushoto: upatanisho ukishindikana na mkalazimika kutoa hati ya kwenda mahakamani kwa mujibu wa kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa, msiwaache wazazi waondoke na hati hiyo peke yake. Waandikieni na ratiba ya zamu, na juu yake muandike kwa herufi kubwa: MAKUBALIANO YA ULEZIWENZA.