Okidi ya kiatu: mche mmoja uliojaza madirisha ya watu

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo, tuongee maua. Najua kuna atakayesema maua ni mambo ya maharusi. Subiri kwanza. Hadithi hii ina ukoloni, magendo na ujanja wa maabara.

Kuna maua yanaitwa okidi za kiatu. Petali moja imejikunja ikawa kifuko, ukiitazama unaona ncha ya sapatu. Mdudu akitumbukia humo, njia ya kutokea inamlazimisha ajisugue kwenye chavua. Porini zipo Asia, Ulaya na Amerika. Afrika hatuna hata aina moja ya asili. Zinazofugwa sana majumbani ni za Asia, ukoo uitwao Paphiopedilum.

Karne ya 19 Waingereza walipagawa na okidi. Matajiri walijenga vibanda vya vioo na kuvijaza mimea iliyong'olewa misituni, kisha mingi ikafa. Paphiopedilum fairrieanum ilichanua Uingereza mwaka 1857, ikatoweka kwenye bustani, na ilipotoka porini hakuna aliyepajua. Mfanyabiashara Frederick Sander akatangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeipata. Pauni elfu, za wakati ule! Ikaja kupatikana tena mnamo 1905.

Sasa utauliza, si wangepanda mbegu tu? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani. Mfaransa Noël Bernard aligundua mwaka 1899 kwamba msituni mbegu hiyo hulishwa na kuvu. Bila kuvu, haioti. Kisha mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akaonyesha kwamba unaweza kuiruka kuvu kabisa: weka mbegu ndani ya chupa safi, juu ya jeli ya mwani yenye sukari na madini, nayo itaota. Kwangu mimi huyu ndiye aliyemletea mtu wa kawaida okidi dirishani.

Wakati uleule Ufaransa, iliyokuwa ikiitawala Vietnam, ilikuwa imepokea kutoka huko okidi ya kiatu ya waridi, yenye harufu nzuri. Mwaka 1924 ikapewa jina rasmi, delenatii. Lakini ilikuwa chache mno, na porini haikuonekana tena. Kampuni ya Vacherot & Lecoufle, karibu na Paris, ikachukua chavua ya ua na kuipaka kwenye mche huohuo, mbegu zikaoteshwa. Kwa miongo kadhaa karibu kila delenatii iliyofugwa duniani ilitokana na mche huo mmoja. Fikiria ukoo mzima, mzazi mmoja!

Na hakukuwa na njia ya mkato. Okidi nyingine, kama zile za maduka makubwa, huzalishwa kwa maelfu kutokana na kipande kidogo cha mmea. Za kiatu zimegoma. Unapanda mbegu na kusubiri miaka kadhaa, au unagawa shina.

Miaka ya 1990 delenatii ikaonekana tena porini Vietnam. Unadhani watu walishukuru Mungu wakaiacha? Wapi! Iling'olewa kwa wingi, ikauzwa kwa kilo kama viazi. Mkataba wa CITES ulikuwa umeshapiga marufuku biashara ya Paphiopedilum za porini tangu 1990. Kinachoniudhi ni kwamba haikuwa na ulazima wowote: miche ya chupa ilikuwepo madukani miaka yote hiyo. Ya porini ilipendwa kwa sababu tu mchumaji maskini alilipwa senti kidogo.

Kwa hiyo ukitaka kuifuga, muulize muuzaji kama ilioteshwa kwa mbegu kitaluni. Mche uliotoka porini mara nyingi una majani yaliyochanika na mizizi iliyokatwa. Ukishaupata, dirisha la mashariki linatosha, jua kali la mchana litaunguza majani. Panda kwenye vipande vya magome, siyo udongo. Haina vinundu vya kuhifadhi maji kama okidi nyingine nyingi, kwa hiyo magome yasikauke kabisa, ila yakituama maji mizizi inaoza. Badilisha magome kila mwaka au miwili.

Halafu usishangae: kila chipukizi huchanua mara moja tu. Ua likianguka, usitupe mmea. Pembeni hutoka chipukizi jipya, nalo litachanua likikomaa, na ua moja laweza kukaa wiki kadhaa. Ndivyo mmea mmoja unavyoweza kuendelea kuishi kwa miaka mingi.