Mto Katikati ya Barua Mbili

Mwaka 1993 mjomba wangu, hapa Kilwa Masoko, alipata barua mbili: moja ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, nyingine ya chuo cha ualimu Mtwara. Akaenda Mtwara. Watu wakasema eti kaogopa vitabu.

Ndugu msomaji, vitabu gani! Chuo Kikuu kilikuwa na jina tangu 1961, na enzi za Mwalimu serikali ilibeba gharama. Lakini miaka ya 1990 wazazi walishaanza kuchangishwa, na Bodi ya Mikopo haikuanza kazi mpaka 2005. Halafu kuna Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ni kivuko cha Ndundu, na masika barabara inakatika, gari linalala matopeni. Mtwara ilikuwa upande wetu wa mto. Kwa nauli ya Dar, babu angeuza minazi.

Basi mjomba akafundisha historia: Ibn Battuta alivyofika Kilwa 1331, Chittick alivyofukua Husuni Kubwa. Kitabu chenyewe cha Chittick hakuwahi kukishika.

Mwaka huu nami nimechaguliwa vyuo viwili, kimoja Mlimani. Daraja lipo. Mkopo bado sijaujua. Jana nikamuuliza, "Mjomba, ungekuwa mimi?"

"We, karo ya huko ngapi?"