Kuongeza Ujazo wa Injini ya Subaru: Piga Hesabu Kabla ya Kufungua Bloki

Vijana wengi wa hapa Pwani wenye Subaru za tabo huniuliza swali moja: nikitia kranki ya injini ya 2.5 ndani ya bloki yangu ya 2.0, gari litaongeza nguvu? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa kiasi wanachodhani, na si kwa kranki peke yake. Nimeona injini nyingi zikilala gereji ndani ya maboksi, akiba ya mtu imekwisha na gari halijawaka. Ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na hesabu. Injini ya EJ20 ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75. Hiyo ni sisi 1,994. Kranki ya EJ25 humpeleka pistoni milimita 79. Kwa kipenyo kile kile unapata sisi 2,100 hivi. Nyongeza yako ni kama asilimia 5. Faida yake kubwa ni mvuto wa chini na tabo kuamka mapema kidogo.

Pili, pistoni. Mikono ya pistoni ya injini hizi mbili ina urefu sawa, milimita 130.5. Kranki mpya inaipandisha pistoni milimita 2 zaidi, kwa hivyo pistoni ya zamani itatokeza juu ya bloki na kugonga hedi. Pistoni za EJ25 nazo haziingii, kwani kipenyo chake ni milimita 99.5. Lazima ununue pistoni za milimita 92 ambazo tundu la pini limesogezwa juu milimita 2. Fundi akikwambia kranki yatosha, muage kwa heshima uende zako.

Tatu, kompresheni. Injini iliyokuwa na 8 kwa 1, ukibakisha nafasi ile ile ya kuchomea, itafika karibu 8.4 kwa 1. Kwa joto letu na petroli ya stesheni, usiichukulie hiyo kuwa ndogo. Mwambie muuza pistoni unataka kompresheni gani kabla hujalipa, na utenge pesa za kupanga upya kompyuta ya gari.

Nne, beringi. Bloki za zamani zina beringi ya kuzuia kranki isicheze mbele na nyuma kwenye nafasi ya tatu, za baadaye kwenye nafasi ya tano. Kranki na bloki zisipokubaliana, kazi imekwama. Kagua kabla ya kununua.

Tano, mwendo. Kwa raundi 7,000 kwa dakika, pistoni ya zamani hukimbia mita 17.5 kwa sekunde. Ya sasa itafikia kasi hiyo kwenye raundi 6,650 hivi. Shusha kikomo, au ununue mikono imara zaidi.

Mwisho ni karatasi. Logbook yako imeandikwa ujazo wa injini. Peleka taarifa NTSA na kwa kampuni yako ya bima, usije ukapata ajali ndipo ugundue kwamba gari lililokatiwa bima si lile unaloendesha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika bei ya kila kitu: kranki, pistoni, ringi, beringi, gasketi, pampu ya oili, kazi ya mashine, kompyuta. Ongeza na akiba ya dharura, kisha ndipo uamue.

Maoni yangu ni haya: kama injini yako ni nzima, iache. Asilimia 5 haistahili kuifungua. Lakini kama imeshaanza kugonga beringi na lazima ifunguliwe, hapo kranki ndefu ina maana, kwa sababu gharama ya kufungua na kufunga ungeilipa vyovyote vile.